Wanalambalamba wa Chamazi: Historia ya Azam FC, 2004–2025

Barabara ya Mbagala Rangi Tatu kwenda Mbande inapita Chamazi. Wakazi wengi wa Dar es Salaam walilizoea jina hilo redioni, kwenye matokeo ya Ligi Kuu, kabla hawajawahi kufika huko. Kata ya pembezoni mwa Temeke, mbali na Kariakoo ambako mambo makubwa ya mpira wa nchi hii yamekuwa yakipangwa tangu miaka ya 1930, ilipata klabu, ikapata uwanja, na mwaka 2014 klabu hiyo ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara.

Historia ya Azam FC ni fupi. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936. Klabu hizo zina wazee wake, zina matawi nchi nzima, na mtoto huzaliwa akakuta baba na babu wameshachagua upande. Azam haikurithi chochote cha namna hiyo. Ilizaliwa ndani ya kampuni, na tangu siku hiyo imekuwa ikiulizwa swali lilelile: hii ni klabu ya nani? Fedha za kampuni ndizo zilizoiwezesha kuwapo, hilo halina ubishi. Lakini tabia yake, nguvu yake na hata udhaifu wake vimetoka Chamazi, na ndiyo maana kumbukumbu hii inaanza na Temeke.

Kabla ya 2004: Temeke na mpira wake

Viwanja viwili vikubwa kuliko vyote mkoani viko Temeke, vimekaa jirani. Upo Uwanja wa Uhuru, uliokuwa Uwanja wa Taifa wa zamani, na upo ule mkubwa wa watu 60,000 uliofunguliwa 2007, ambao leo unabeba jina la Rais Benjamin Mkapa. Siku ya mechi ya watani, Simba na Yanga, jiji zima huhamia Temeke. Mechi ikiisha, mshindi hurudi kwake, Jangwani kwa Yanga au Msimbazi kwa Simba, na shangwe zake. Temeke ilikuwa mwenyeji wa mpira wa watu wengine.

Mpira wake wenyewe ulikuwa mchangani. Vipaji havikukosekana kamwe. Mbagala Market, timu iliyokuja kuitwa African Lyon, ilimpitisha Mbwana Samatta kabla hajaenda Simba, TP Mazembe, Genk na hatimaye Aston Villa ya Ligi Kuu ya Uingereza. Kijana wa Mbagala akawa mchezaji bora wa Afrika kwa mwaka 2015 miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara. Timu iliyomlea haikupata utulivu. African Lyon ilishuka daraja 2013, ikarudi na kushuka 2017, ikarudi tena na kushuka 2019. Timu ya mtaani ilitegemea mfadhili wa msimu huo, uwanja wa kuazima na nauli ya kuchangishana. Mchezaji akifika pazuri, amebahatika.

Timu za kampuni na mashirika nazo zilikuwa na historia yake. Pamba ya Mwanza na Reli ya Morogoro zilikuwa majina ya kuogopwa zama za mashirika ya umma. Mashirika yalipoyumba, timu ziliyumba nayo. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, ilichukua ubingwa wa 1999 na 2000, na baada ya hapo kombe likawa linapokezanwa na Simba na Yanga peke yao. Hii ndiyo hali iliyokuwapo timu mpya ya wafanyakazi ilipoanzishwa jijini.

2004–2008: Mzizima

Timu ilianza mwaka 2004 kwa jina la Mzizima, ikiwa ya wafanyakazi wa kampuni za Said Salim Bakhresa, mfanyabiashara ambaye bidhaa zake za unga, juisi, maji na aiskrimu zimo katika nyumba nyingi za Tanzania. Ilikusudiwa kuwapa wafanyakazi mahali pa kucheza na kupumzisha akili. Baadaye ikachukua jina la bidhaa, Azam, na kupanda ngazi za mashindano kuanzia chini kabisa.

Kipindi hiki hakina makombe ya kuonyesha. Viongozi wake wa mwanzo walikuwa watu wa kazini waliobeba majukumu ya timu juu ya kazi zao, na wachezaji wengi hawakujulikana nje ya ligi za madaraja ya chini. Kilicho muhimu ni mwendo wenyewe: ndani ya miaka minne timu ya wafanyakazi ilifika Ligi Kuu, kwa msimu wa 2008/09. Katika kikosi kilichopanda alikuwamo mshambuliaji mrefu, John Bocco, ambaye angebaki hapo hadi 2017 na kuwa sura ya klabu.

2008–2013: Ligi Kuu na ujenzi wa Chamazi

Miaka ya mwanzo katika Ligi Kuu benchi la ufundi lilikuwa la Wabrazili, Neider dos Santos kisha Itamar Amorim. Mwaka 2010 klabu ilitikisa soko la usajili ilipomchukua Mrisho Ngassa kutoka Yanga kwa dau lililotangazwa kuwa shilingi milioni 58. Kwa wakati huo kiasi hicho cha mchezaji wa ndani kilikuwa gumzo la vijiwe vyote. Mwaka huohuo alikuja Mwingereza Stewart Hall, aliyekuwa amefundisha timu ya taifa ya Zanzibar, na chini yake Azam ikaanza kuwa timu ya kugombea nafasi za juu.

Kazi kubwa zaidi ya kipindi hicho, hata hivyo, ilifanyika nje ya mstari wa uwanja. Klabu ilijijengea makao Chamazi: uwanja wa watazamaji wapatao 10,000, viwanja vya mazoezi, hosteli ya wachezaji, chumba cha mazoezi ya viungo na bwawa la kuogelea. Naona huu ndio uamuzi uliobadilisha historia yake kuliko usajili wowote. Klabu isiyo na kwake huamka kila Jumatatu ikitafuta pa kufanyia mazoezi, hulipia uwanja wa watu, na vijana wake hawawaoni wakubwa wakijinoa. Pale Chamazi kijana wa akademi alilala, akala na kufanya mazoezi hatua chache kutoka kwa mchezaji wa timu ya taifa. Nyasi bandia ziliiwezesha timu kucheza masika bila kuogelea kwenye matope. Taa ziliwezesha mechi za usiku, na mechi za usiku ziliwafaa wanaotoka kazini, wachezaji wanaokimbia jua la Dar es Salaam, na baadaye televisheni.

Matunda yalianza kuonekana haraka. Januari 2012 timu ilitwaa Kombe la Mapinduzi Zanzibar, taji lake kubwa la kwanza, na kulirudia Januari 2013. Msimu wa 2011/12 ilimaliza ya pili, Bocco akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 19. Julai 2012, katika Kombe la Kagame la klabu za Afrika Mashariki na Kati, iliifunga Simba 3-1 robo fainali kwa mabao matatu ya Bocco, ikafika fainali na kufungwa 2-0 na Yanga. Ikamaliza ya pili tena 2012/13, safari hii mfungaji bora akiwa Kipre Tchetche kutoka Ivory Coast.

Mwaka 2013 ilicheza Afrika kwa mara ya kwanza, Kombe la Shirikisho. Iliitoa Al Nasr ya Juba, ikaitoa Barrack Young Controllers ya Liberia, na kusimamishwa na AS FAR ya Morocco kwa 2-1 mjini Rabat baada ya suluhu ya Dar es Salaam. Kwa timu iliyokuwa Ligi Kuu kwa miaka mitano tu, ilikuwa ni hatua ya kujivunia.

2013/14: Ubingwa

Msimu huu unastahili kusimuliwa taratibu. Hall aliiongoza timu mzunguko wa kwanza kisha akaondoka. Nafasi yake ikachukuliwa na Joseph Omog, Mkameruni aliyekuwa ameipa AC Léopards ya Congo-Brazzaville Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2012. Kubadilisha kocha katikati ya mbio za ubingwa ni jambo la hatari, na timu nyingi zimepoteza kombe kwa njia hiyo. Azam haikuyumba, na sababu ilikuwa kikosi chenyewe. Kiungo kilikuwa na Himid Mao na Salum Abubakar, vijana waliokulia klabuni. Nyuma walikuwapo Aggrey Morris na Erasto Nyoni, golini kijana Aishi Manula, na mbele Bocco na Kipre Tchetche, ambaye pacha wake Kipre Bolou alicheza kiungo. Watu waliozoeana namna hiyo hawahitaji kufundishwa upya nani akae wapi.

Tarehe 13 Aprili 2014 timu ilikuwa Mbeya, Uwanja wa Sokoine, mbele ya Mbeya City iliyokuwa imepanda daraja msimu huohuo na kuishangaza nchi. Azam ilishinda 2-1 na kuwa bingwa kabla ya mechi ya mwisho. Hesabu ya msimu ilipofungwa ilikuwa mechi 26, ushindi 18, sare 8, na hakuna aliyeifunga. Pointi 62.

Kwa miaka 13, kuanzia 2001 hadi 2013, kila bingwa alikuwa Simba au Yanga. Baada ya 2014, na hadi 2025, kila bingwa amekuwa tena Yanga au Simba. Katikati ya safu hizo mbili limekaa jina moja la Temeke. Wapo wanaosema fedha zilinunua ubingwa ule. Fedha zilikuwapo, lakini katika mpira wetu zimeonekana timu kadhaa zilizomwaga fedha msimu mmoja na kushuka daraja msimu uliofuata. Azam ilishinda kwa kikosi ilichokijenga kwa miaka sita, sehemu yake kutoka akademi yake yenyewe, na hilo halisemwi vya kutosha.

2015–2019: Makombe, na majira ya 2017

Hall alirudi, na mwaka 2015 Kombe la Kagame likachezwa Dar es Salaam. Azam ilishinda mechi zake zote za kundi, ikaitoa Yanga kwa penalti robo fainali baada ya suluhu, ikaifunga KCCA ya Uganda 1-0 nusu fainali, na tarehe 2 Agosti ikaifunga Gor Mahia ya Kenya 2-0. Bingwa wa Afrika Mashariki na Kati hakuruhusu bao hata moja katika mashindano yote. Mwaka 2018, chini ya Hans van der Pluijm, ilitetea taji hilo kwa kuifunga Simba 2-1, mabao ya Shaaban Idd Chilunda na Aggrey Morris. Mapinduzi ilitwaa 2017, 2018 na 2019, na kufikisha matano.

Tarehe 1 Juni 2019, Uwanja wa Ilulu mjini Lindi, bao la Obrey Chirwa liliizamisha Lipuli ya Iringa na Azam ikabeba Kombe la Shirikisho la Tanzania. Wakati huo shindano hilo lilikuwa likidhaminiwa na kampuni dada na kubeba jina la Azam.

Katikati ya mafanikio hayo lilitokea jambo ambalo wapenzi wa klabu hawajalisahau. Mwaka 2017 Bocco, Manula, Nyoni na Shomari Kapombe waliondoka wote kwenda Simba. Nahodha, kipa na mabeki wawili wa timu ya taifa, kwa dirisha moja. Simba ilichukua ubingwa misimu minne mfululizo kuanzia 2017/18, na wanne hao walikuwa sehemu ya mafanikio yale. Azam ilimaliza ya pili msimu wa kwanza bila wao, jambo la kuipongeza, lakini uti wa mgongo wa kikosi cha 2014 ulikuwa umekatika. Klabu iliyokuwa ikiwalea wachezaji ilijifunza kwamba malezi bila uwezo wa kuwazuia wasiondoke huwanufaisha majirani.

Vijana

Akademi ya Chamazi ndiyo huduma ya klabu kwa taifa, na ningependa isomwe hivyo hata na wasioipenda timu. Himid Mao alipita hapo akaenda Misri. Farid Mussa na Chilunda walivuka hadi Tenerife ya Hispania. Novatus Dismas alianzia hapo kabla ya Israel, Ubelgiji, Ukraine na Uturuki. Salum Abubakar, mtoto wa Abubakar Salum aliyetamba Yanga kwa jina la Sure Boy, alikulia Chamazi na kurithi jina la baba yake uwanjani.

Uwanja nao umetumika zaidi ya mahitaji ya klabu. Aprili 2019 Tanzania ilipoandaa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, Chamazi ulikuwa mmoja wa viwanja viwili vya mashindano. Simba na Yanga, ambazo kwa miaka ya mwanzo zilikutana na Azam kwenye uwanja mkubwa tu, sasa huja Chamazi, na zimewahi kuutumia kama wa nyumbani pale uwanja wa Mkapa usipopatikana.

Wanalambalamba

Jina la utani lilitoka kwa watani. Koni na aiskrimu za Azam huuzwa mitaani na wauzaji wenye vigari, na mashabiki wa timu nyingine wakaona hapo pa kuchokonoa: hawa ni watu wa kulamba. Mashabiki wa Azam wakalipokea jina na kulivaa. Leo Wanalambalamba huimbwa jukwaani, huandikwa magazetini, na hutumiwa na klabu yenyewe bila aibu.

Hata hivyo, jukwaa la Chamazi halijazi kwa urahisi. Mechi nyingi huchezwa mbele ya watu wachache kuliko ubora wa timu unavyostahili, na Simba au Yanga zikija, wageni huwa wengi kuliko wenyeji. Kwa miaka ishirini na kidogo haiwezekani kushindana na ushabiki wa karibu karne nzima. Ila sikubaliani na wanaosema klabu hii haina wenyewe. Watoto wa Chamazi, Mbande na Mbagala waliozaliwa uwanja ukiwa umeshajengwa wamekua wakiona taa zake usiku. Kwao Ligi Kuu si kitu cha Kariakoo. Ni jirani.

Kampuni nayo imegusa mpira mzima. Azam Media ilianza kuonyesha Ligi Kuu mwaka 2013, na Mei 2021 ilisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Palikuwa na mjadala kuhusu kampuni moja kuwa na klabu na pia haki za matangazo, na mjadala huo ulikuwa halali. Fedha hizo zimefika kwa klabu zote za ligi, kubwa na ndogo.

2020–2025: Nyumbani na ugenini

Makocha wamepita wengi: Aristica Cioaba wa Romania, George Lwandamina wa Zambia, Abdihamid Moallin, Denis Lavagne, Youssouph Dabo wa Senegal. Msimu wa 2023/24, Feisal Salum akiwa amejiunga kutoka Yanga na kufunga mabao 19, timu ilimaliza ya pili ikiwa na pointi 69 sawa na Simba, ikatangulia kwa tofauti ya mabao na kurudi Ligi ya Mabingwa Afrika. Fainali mbili mfululizo za Kombe la Shirikisho la Tanzania, 2023 Tanga na 2024 Zanzibar, ilizipoteza kwa Yanga.

Barani ilikuwa na ugonjwa mmoja uliojirudia. Mwaka 2014 iliifunga Ferroviário da Beira 1-0 Chamazi, ikafungwa 2-0 Msumbiji. Mwaka 2015 iliifunga El Merreikh 2-0 nyumbani, ikafungwa 3-0 Omdurman. Mwaka 2016, baada ya kuitoa Bidvest Wits ya Afrika Kusini kwa ushindi wa 3-0 na 4-3, iliifunga Espérance 2-1 nyumbani na kufungwa 3-0 Tunisia. Mwaka 2024 iliifunga APR 1-0, ikafungwa 2-0 Kigali. Mara nne ilishinda Chamazi, mara nne ikatolewa ugenini. Makao yaliyoipa nguvu yalikuwa pia mpaka wake.

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 2004 | Timu ya wafanyakazi yaanzishwa kwa jina la Mzizima |
| 2008/09 | Msimu wa kwanza Ligi Kuu |
| 2012 | Kombe la Mapinduzi la kwanza. Fainali ya Kagame. Nafasi ya pili Ligi Kuu |
| 2013 | Mapinduzi. Mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza |
| 2014 | Ubingwa wa Ligi Kuu bila kufungwa |
| 2015 | Kombe la Kagame bila kuruhusu bao |
| 2017 | Mapinduzi. Nguzo nne zahamia Simba |
| 2018 | Mapinduzi. Kagame mara ya pili |
| 2019 | Mapinduzi. Kombe la Shirikisho la Tanzania. Fainali za Afrika za vijana Chamazi |
| 2023/24 | Nafasi ya pili Ligi Kuu |
| 2025 | Hatua ya makundi Afrika kwa mara ya kwanza |

Mwaka 2025 alikuja Florent Ibenge, Mkongo anayeijua Afrika kwa miguu yake. Timu iliitoa El Merreikh Bentiu ya Sudan Kusini katika Kombe la Shirikisho, kisha ikakutana na KMKM ya Zanzibar. Mechi ya kwanza ilikuwa ugenini, na Azam ikashinda 2-0. Ya marudiano ikashinda 7-0, na Oktoba hiyo, miaka 21 tangu Mzizima, ikaingia hatua ya makundi.